Jicho Katika Mkebe wa Chumvi

Mwaitu tumemzika juzi tu, kabla ya hizi mvua, na kazi ya kupanga vitu vyake imeniangukia mimi. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Huyu alikuwa mama wa marehemu mume wangu, na nimekaa naye miaka mingi kuliko aliyokaa naye bwana yake, kwa hiyo nikimwita Mwaitu simwiti hivyo kwa adabu peke yake. Binti zake walichukua vitenge na masufuria wakaenda. Wake za wajukuu wakasema wanaogopa kuingia nyumba iliyotoka maiti, wakaniachia mimi, maana kila mtu hapa anajua kwamba mimi na vitu vya maiti tumezoeana. Ni kweli. Sebuleni kwangu niko na rafu ambayo wageni wakiiona wanahama kiti. Kuna meno ya bandia ya mtu nisiyemjua, ufizi wake bado mwekundu kama nyanya. Kuna saa ya ukutani yenye ndege ambaye hutoka kusema saa ingawa kichwa chake kilikatika zamani. Kuna bangili iliyosukwa kwa nywele za mwanamke aliyekufa. Na kuna mkebe wa chumvi, na ndani ya mkebe kuna jicho. Mjukuu wangu Mwende, anayefanya kazi huko Syokimau, huja akakaa mbele ya hiyo rafu na simu yake bila kuiwasha. Aliniambia siku moja, "Susu, hizi vitu zako zinaniogopesha, na siwezi kuacha kuziangalia." Nikamwambia huo ni ugonjwa wa kurithi, na mimi niliuokota miaka yangu ya kwanza ya ndoa, hapa Machakos mjini, karibu uniue. Mwende ndiye niliyekuwa naye tukifungua sanduku la bati la Mwaitu. Tulichokikuta chini kabisa ndicho kimenifanya nishike kalamu, mimi ambaye shule niliishia darasa la nne na mwandiko wangu ni kama kuku amepita. Nitakifikia. Kwanza chumba.

Chumba chetu kilikuwa cha kupanga, nyuma ya msikiti, ndani ya ua wa mama mmoja Mswahili, mjane, Bi Zaituni. Mume wangu Musyoka alikuwa akivunja mawe kwenye machimbo ya Lukenya, anarudi Jumamosi akiwa mweupe kwa vumbi kama mtu aliyefufuka. Siku zingine nilikuwa mimi na mtoto wetu Kyalo, aliyekuwa anaanza kukaa, na ukuta wa mbao uliojaa misumari ya wapangaji waliotangulia. Kitanda, jiko la makaa, kibao cha vyombo, basi. Ukinyoosha mkono umefika upande wa pili. Kwa hiyo Bi Zaituni aliponiita sebuleni kwake siku ya kwanza ninywe chai ya tangawizi na kaimati, nilifikiri nimeingia ikulu, halafu nikageuka nikaona ngedere amevaa koti jekundu, amesimama kwenye kona, amenishikia sinia. Nilimwaga chai. Alikuwa ngedere aliyekaushwa, nondo wamemla masikio. Bwana wa Bi Zaituni alikuwa mtu wa minada. Wazungu wa mashamba ya Lukenya na Konza walipokuwa wakiondoka, yeye alinunua vile ambavyo wengine waliviacha. Wengine walinunua vitanda na majembe, yeye akanunua ngedere. Akafa akamwachia mkewe nyumba nzima ya vitu visivyouzika, na Bi Zaituni, badala ya kuvitupa, akavipa kila kimoja kisa. Sijui kama visa vile vilikuwa vya kweli. Meno yalikuwa ya mwalimu aliyecheka mpaka akafa mezani. Bangili ilisukwa na mume ambaye hakutaka kumzika mkewe wote. Jicho lilikuwa la mzungu wa Konza, jicho la kioo, la buluu, na alipokufa walimfumba macho, moja likakubali na la pili likakataa, likabaki linaangalia dari mpaka mkewe akalitoa.

Niliogopa, na kila alasiri nikarudi. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Nilikuwa nikifua huku nafikiria lile jicho, nikinyonyesha nafikiria lile jicho, na usingizi ukija likaja nalo. Bi Zaituni akaliona hilo usoni mwangu. Siku moja akanikunjulia kiganja, akaniwekea jicho, baridi, zito kuliko nilivyodhani.

"Kaa nalo, mwanangu," akasema. "Kitu cha kutisha ni kama mgeni. Ukimfukuza atarudi kila siku. Mlaze kwako mpaka achoke, atakuwa mtu wa nyumbani."

Akanifundisha kuliweka kwenye chumvi, eti chumvi hunywa unyevu na kioo hakifanyi ukungu. Mimi nyumbani nilikuwa na mkebe mmoja tu wa chumvi. Nikalizika humo, nikawa nachota chumvi ya kupikia juu juu, na kila nikichota nalichungulia. Na kweli lilichoka. Baada ya muda nikawa nalisalimia. Mtu akiniuliza leo kwa nini napenda vitu vya namna hii, namjibu hivyo: ni kile kipindi kidogo kati ya kuogopa kitu na kukizoea. Ni kitamu kuliko asali. Lakini mtu wa pembeni akikukuta hapo katikati, hawezi kujua unakula nini.

Mwaitu alitukuta hapo katikati. Alikuja kutoka Masinga na kikapu cha mbaazi, kumwona mjukuu, akamkuta Kyalo anaungua kwa homa. Nilikuwa nimeshampeleka hospitali, nimepewa dawa, na daktari alisema ni malaria. Mwaitu akasema sawa, lakini malaria hiyo ina mwenyewe. Ndivyo watu wetu walivyo, tunakubali mbu ndiye amemuuma mtoto, tunataka tu kujua ni nani amemtuma mbu. Akavua leso ya kichwa, akaanza kupika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, ili mimi nimshike mtoto, na akanyoosha mkono kwenye kibao kutafuta chumvi. Hakupiga kelele. Nilisikia tu mwiko umeacha kugonga sufuria. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini na mkebe mapajani, anaangaliana na jicho.

"Mama Kyalo, njoo," akasema. "Hii inaangalia nini?"

"Haiangalii kitu, Mwaitu. Ni ya kioo."

"Ni ya nani?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema ni ya mzungu aliyekufa Konza. Akatingisha kichwa polepole, kama mtu anayesikia jambo alilokuwa analijua.

"Na mtoto wangu amekula hii chumvi," akasema.

Akaipua sufuria jikoni, akamwaga muthokoi wote nje, na akaniondolea mtoto mikononi. Alasiri ile alivuka ua kuuliza kwa Bi Zaituni, akafika mlangoni, akaona ngedere na sinia yake, akarudi bila kuuliza. Musyoka aliporudi Jumamosi alikuta mama yake kwenye kitanda na mtoto, mimi kwenye kiti, na katikati hakuna anayepumua. Mwaitu alitaka mambo mawili. Mtoto aende Masinga, na mimi nirudishwe kwetu, kwa sababu katika Ukambani mwanamke anayefuga vitu vya maiti ana jina lake, na jina hilo likishakushika hakuna boma litakufungulia. Musyoka akasema yuko katikati kama kuni baina ya mafiga. Mume wangu alikuwa mtu mzuri, Mungu amweke pema, lakini hakuwahi kutoka hapo katikati.

Mjomba wake Musyoka, mzee Kimeu, ndugu ya Mwaitu, ndiye aliyeleta neno la kithitu. Kwa asiyejua, kithitu ni kiapo chetu. Ni kitu kilichofungwa kwenye ngozi nyeusi, hakishikwi kwa mkono, kinabebwa kwenye ncha ya fimbo na mwenyewe, na hakikai nyumbani kwa watu. Wenye kesi wanakipiga kwa vijiti huku wanasema maneno yao, tunaita kula kithitu, ingawa hakuna kinachoingia mdomoni. Aliyesema uongo, chenyewe kinamla. Zamani hakikuwa cha wanawake, na wazee walinung'unika, lakini Mwaitu akasema hana bwana wa kukila kwa niaba yake, na mtoto aliye kitandani hangoji wazee wamalize kunung'unika. Musyoka akaniambia, "Kula tu, Nduku. Kama hujafanya kitu, utaogopa nini?" Anayesema hivyo hajawahi kusimama mbele ya kithitu.

Ukuta wa mbao hauna siri. Nilikuwa nje naanika nepi, nikamsikia mzee Kimeu ndani akimpangia dada yake maneno. Atafanya mwenye kithitu anisemeshe hivi: mimi Nduku sina, na sijawahi kuwa na kitu cha maiti ndani ya nyumba yangu. Nikisema hivyo nimesema uongo, nimekufa. Nikikataa kusema, mimi ni mchawi, mtoto ameenda. Nepi zilikuwa zinanidondokea miguuni. Niliingia kwa Bi Zaituni, nikakaa chini ya yule ngedere, nikatetemeka mpaka sinia yake ikawa inalia. Yeye mambo ya kithitu hakuyajua, alikuwa akishika tasbihi tu. Lakini alisema neno moja, na ni kwa hilo neno niko hai kuwasumbua: "Usile maneno yaliyopikwa na mtu mwingine."

Walituchukua nje ya mji, mahali penye mawe matupu, asubuhi jua limewaka, na niseme ukweli, mchana ndio unaotisha, unaona kila kitu. Mwenye kithitu alikuwa mzee mdogo wa mwili, mpole, aliyevaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua. Alikiweka chini kwa fimbo yake na hata nzi hawakukikaribia, au hivyo ndivyo nilivyoona. Nilivunja kijiti kichakani, na tukiwa tunangoja nikawa nakikwangua maganda kwa kucha, upande mmoja, mpaka kikawa cheupe upande huo kama mfupa. Mzee akaniambia nifuate maneno yake. Nikamwomba niseme yangu. Kimeu akaanza kulalamika, mzee akamnyamazisha kwa kidole. Nikapiga. Nikasema, "Jicho la maiti nimelileta mimi, na nililipenda. Kama nililileta ili mtoto wangu augue, kithitu kinile." Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Kimeu akasema hayo siyo maneno waliyokubaliana. Mzee akamjibu kwamba kithitu kinasikia Kikamba vizuri, kimeelewa. Halafu ikawa zamu ya Mwaitu, maana aliyeshtaki naye lazima ale. Akakigeuzageuza kijiti mkononi. Nikafikiri ataacha. Akapiga akasema, "Kama najua huyu msichana ni safi na ninamwita mchawi, kinile." Tukatupa vijiti nyuma ya mabega yetu. Baada ya hapo unaondoka na huangalii nyuma, ni mwiko. Nilitangulia. Nikasikia nyayo za Mwaitu nyuma yangu, nyayo, nyayo, halafu zikasimama kidogo, halafu zikaendelea. Sikugeuka.

Kuanzia siku hiyo ni kungoja. Kithitu kilipewa muda mpaka mbaazi zikauke shambani, na mpaka hapo mtu aliyekila halali na mume. Musyoka alihamia kwa mwenzake huko Lukenya na nadhani alishukuru. Mwaitu hakurudi Masinga. Alikaa na mimi katika kile chumba, eti ahakikishe, na jicho likarudi kwa Bi Zaituni, na mimi na mama mkwe tukabaki kila mmoja anangoja mwenzake afe. Tulikula sufuria moja, kwa sababu kupika kivyako ni kukubali kwamba unaogopa. Yeye akichota, mimi nachota palepale alipochota. Nikikohoa, anaweka kijiko chini. Yeye akijikwaa kwenye ngazi, mimi nashika roho. Jino liliniuma wiki nzima na kila akiniangalia nilimwona ananihurumia, na ile huruma ndiyo iliyonitia baridi kuliko jino. Radi ikipiga tulikuwa tunatazamana, tukisubiri kuona imemchagua nani. Leo nacheka nikiandika. Wakati ule nilikuwa nakonda, nguo zikanizidi, na kukonda kwenyewe nikakuhesabia kuwa ndiyo dalili. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanenepa, nacho ni Kyalo. Dawa za hospitali zilifanya kazi yake, akaanza kutambaa baina yetu, mara kwa huyu, mara kwa yule.

Ilikuwa mchana, tunafua uani. Kyalo alikuwa amesimama kwa mara ya kwanza, ameshika beseni kwa mkono mmoja na goti la nyanya yake kwa mkono mwingine. Mwaitu akaacha kufua. Nilimwona uso unabadilika rangi, midomo ikawa kama majivu, nikajua ndiyo hiyo, kimemfikia.

"Mama Kyalo," akasema, kwa sauti ndogo sana. "Tumefanya nini sisi?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Kithitu hakimalizi kwa mtu mmoja. Kinakula damu yake. Huyu ni damu yangu, na ni damu yako. Ashindwe nani, yeye yuko."

Sabuni ilikauka mikononi mwangu. Sikuwa nimelifikiria hilo, wala wazee, wala Kimeu na maneno yake ya kupanga, wala Musyoka. Tulikuwa tumemwapia mtoto kutoka pande mbili, kama watu wawili wanaovuta kamba na kitanzi kiko shingoni mwake. Kama Mwaitu amekosea, kitapita kwake kije kwa Kyalo. Kama nimekosea mimi, hivyo hivyo. Hofu niliyokuwa nayo kabla ya hapo ilikuwa mchezo. Na ni hapo niliyaona macho yake, mwanamke niliyemngojea afe, yakiwa yamejaa kitu kile kile nilichokuwa nacho mimi.

Basi tukaanza kulindana. Hakuna watu wamewahi kuchungana namna ile. Nikienda kisimani ananifuata. Akitaka kuvuka barabara namshika mkono kama kipofu. Usiku ukiwa na baridi ananitupia blanketi lake, namrudishia, ananitupia. Halafu mvua zikaja na Mwaitu akashikwa na homa ya kweli, meno yakawa yanagongana, na mzee Kimeu akaja akasimama mlangoni, akamwangalia, akaniangalia mimi, akasema basi, kithitu kimezungumza. Alisema kwa huzuni. Lakini kwake kesi ilikuwa imekwisha, na alitaka kuondoka kuita watu. Nilimfungia mlango. Nilimpangusa Mwaitu kwa kitambaa cha maji, nikamnywesha uji kwa kijiko, na Bi Zaituni akaleta supu ya kuku na akaketi nasi, yeye na tasbihi yake. Kyalo alikuwa amelala ubavuni mwa nyanya yake na sikuthubutu kumwondoa wala kumwacha. Niliweka sikio kwenye kifua cha mmoja, kisha cha mwingine. Nikamwambia Mwaitu, "Usikufe. Nakuomba, usikufe." Akafungua macho akasema, "Nani amekwambia nataka?" Halafu akaomba chumvi kwenye uji.

Mbaazi zilikauka. Zilivunwa. Hakufa mtu. Nimekaa na jambo hilo miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba wote wawili tulisema ukweli: mimi sikumdhuru mtoto, na yeye aliamini kabisa kwamba nimemdhuru. Kithitu hakikuwa na wa kumla. Hayo ndiyo naambia watu. Mwaitu hakuwahi kuniita mchawi tena, wala hakuniomba msamaha, na mimi sikungoja. Bi Zaituni alipofariki aliniachia vile vidogo, ngedere akaenda kwa mtu mwingine, nami nikaanza rafu yangu, na Mwaitu akawa anaipangusa vumbi nikiwa shambani. Macho yake yalipoanza kufa uzeeni, moja kisha la pili, alikuwa akitania, "Lete ile jicho yako, Mama Kyalo, tujaribu kama itanitosha."

Sasa sanduku, lililokaa miaka yote chini ya kitanda cha Mwaitu. Mwende alitoa kanga, akatoa kitambulisho, akatoa picha ya Kyalo akiwa askari. Chini kabisa kulikuwa na kitambaa cheusi kimefungwa kwa uzi. Mwende alikifungua. Ndani kulikuwa na kijiti kikavu, urefu wa kiganja, kimekwanguliwa maganda upande mmoja tu, cheupe upande huo kama mfupa.

Mwende alinyoosha kidole akiguse, na mimi, ninayelala nyumba moja na meno ya mfu, nilimshika mkono kwa nguvu mpaka akaniangalia kama hanijui. Aliniuliza ni nini, nikasema ni kijiti. Ni kijiti changu. Nyayo zile zilizosimama nyuma yangu, ndizo hizo. Alivunja mwiko, akageuka, akakiokota changu, akaacha chake. Alikichukua ili anishike nacho, siku nikimgeuka? Au baadaye, alipoelewa kuhusu mtoto, ndipo akakiweka chini ya kitanda chake ili kithitu kikija kunitafuta kimkute yeye kwanza? Mwenye kithitu amekufa. Kimeu amekufa. Nimeuliza wazee wawili waliobaki: mmoja ameniambia hivi, mwingine ameniambia vile, na wote wawili wamekataa kukiona. Mwaitu alikilalia mpaka siku anakufa. Bi Zaituni alisema kitu cha kutisha ukikilaza kwako kinachoka. Sijui kama hiki kilichoka, au ni Mwaitu ndiye alikuwa amekikalia kisiamke, na sasa ametoka.

Nilikishika kwa koleo la makaa. Nimekilaza ndani ya mkebe kando ya jicho, nikavifunika kwa chumvi, nikaacha juu mboni tu na ule upande mweupe wa kijiti. Asubuhi nafunua kifuniko kabla ya kuwasha moto. Mwaitu aliuliza siku ile jicho linaangalia nini. Sasa linaangalia kijiti, na mimi naliangalia lenyewe, nione kama litafumba.